Kaskazini ya Kwetu

Stafn, 12 Oktoba 1993

Mwanangu mpendwa Arndís,

Nakusalimu kwa jina la Yeye asiyesinzia. Natumaini unakula, unavaa soksi za sufu nilizokutumia, na kile kikohozi cha mwezi wa nane kimekwisha. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine unayajua.

Nisamehe kwa simu ile. Kwenye simu nalia tu, na wewe unalia huko Uswidi, tunalipa kampuni ya simu ili kusikilizana tunavyolia. Kwenye karatasi ninaweza kusema, nikizidiwa naweka kalamu chini, natia kuni, narudi.

Baba yako hajapatikana. Nakueleza kwa utaratibu maana nadhani siku ile hukunielewa. Jumanne tarehe 28 Septemba, baada ya kondoo wote kushushwa kutoka malisho ya juu, alihesabu akakuta watatu hawapo. Akaondoka na mbwa kuwatafuta. Mchana ukungu ukashuka mpaka kwenye dirisha la jikoni, na kesho yake theluji. Mbwa alirudi siku ya tatu, peke yake, mguu unavuja damu.

Watu arobaini walikuja, Mungu awalipe. Walitembea bega kwa bega hadi mto Kolga. Mto ulikuwa umefura na vipande vya barafu, hakuna wa kuuvuka. Ng'ambo ya mto wakaiachia helikopta iliyokuja kutoka kusini Ijumaa na Jumamosi, tarehe mosi na mbili. Hatukuiona kwa sababu ya mawingu, tuliisikia tu. Rubani akatutumia neno: wamekiona kibanda cha malishoni, mlango umefungwa, theluji haina alama ya mguu. Basi tukajua hayupo kibandani. Jumanne tarehe tano wakasimamisha msako.

Mchungaji Tryggvi anataka tufanye ibada ya kumbukumbu. Nimekataa. Nimemwambia: "Mchungaji, mimi siziki hewa." Namtaka baba yako alale kando ya mama yake hapo kanisani, basi. Na muda ni mfupi. Peke yangu siliwezi shamba hili. Siku za kuhama mashamba, mwezi wa sita, wanaingia watu wengine, mimi nakwenda kwa dada yangu mjini Akureyri. Nikishaondoka hapa, nani atamtafuta?

Niombee, na mimi nakuombea.
Mama yako


Lund, 3 Novemba 1993

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Soksi nimevaa, kikohozi kimekwisha. Chakula nakula nikikumbuka. Wewe je, unalala? Jirani yetu Eyvindur anakuja kukusaidia na kondoo, au anakuja kunywa kahawa tu?

Mama, kila akija mgeni unaniuliza kwa simu umwambie nasoma nini, na kila mara nashindwa kukueleza. Leo nitajaribu. Nasoma kompyuta na jiografia kwa pamoja. Nafundisha mashine kusoma nchi: mlima uko wapi, mto unapita wapi, mtu akitoka hapa na miguu yake atafika wapi kabla ya giza. Ninaikata ardhi kuwa miraba midogo, mita mia kwa mita mia, na kila mraba naupa uzito wake, yaani uwezekano wa mtu kuwa pale.

Nilimweleza mwalimu wangu, mama mmoja anaitwa Gunnel, habari za baba. Akasema, "Basi mtafute. Fanya hiyo ndiyo kazi yako ya kumalizia masomo." Niliona kama ni mzaha mbaya. Nilipofika chumbani nikajua si mzaha. Ningekuwa huko ningetembea na wale arobaini. Sikuwa huko. Hiki ndicho ninachoweza.

Nimekwisha kuomba mistari ya helikopta, yaani kila mahali ilipopita, na wamekubali kunitumia. Kutoka kwako nataka maneno. Alisema anakwenda upande gani? Saa ngapi? Alivaa viatu gani? Alikuwa na hasira, alikuwa na haraka? Usidharau kitu. Tukipata mahali, watu wa uokoaji watajua pa kuchimba theluji ikiyeyuka, na utamzika kabla hujahama. Nakuahidi.

Mwanao,
Arndís


Stafn, 28 Novemba 1993

Arndís wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe Jumapili hii ya kwanza ya Majilio. Nimewasha mshumaa mmoja, na mbwa kalala juu ya miguu yangu, tangu arudi hataki kuniacha. Afya yangu nzuri isipokuwa goti.

Eyvindur anakuja kwa kondoo na kwa kahawa pia. Jirani hana mke, mimi sina mume, tunakaa kila mtu upande wake wa meza tunaitazama sukari.

Umeuliza maneno. Nitakupa yote, hayakuwa mengi.

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mlangoni anafunga viatu vya mpira, vile vya kijani. Nikamwambia, "Ásmundur, kondoo watatu! Una wengine mia mbili na themanini, waachie mbweha hao watatu wafanye sherehe."

Akasema, "Yule mweusi ni wa Arndís."

Nikasema, "Arndís yuko Uswidi, anakula nguruwe."

Akacheka. Akatia mfukoni samaki mkavu na vipande vya sukari, na penseli yake ya kuhesabia kondoo. Nikamuuliza unaelekea wapi, akasema, "Naenda kaskazini." Basi. Hakunibusu, wala mimi sikuinuka kwenye utumbo wa kondoo niliokuwa nashona kwa soseji za damu. Miaka thelathini na moja, na mwisho nilimpa mgongo.

Mwenye helikopta naye aliniuliza hivyohivyo kwa simu. "Mama, alikwenda upande gani?" Nikamwambia kaskazini, ng'ambo ya mto. Akashukuru. Alikuwa kijana wa sauti ya upole.

Hasira hakuwa nayo. Haraka hakuijua tangu azaliwe.

Ile kazi yako sijaielewa sawasawa, ila nimemwambia Mchungaji unafundisha mashine kusoma nchi, akasema hata Yoshua alituma wapelelezi. Endelea mwanangu.

Mama yako


Lund, 20 Januari 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Goti lipake mafuta ya papa, usiwe mbishi. Mimi mzima, macho tu yananiuma kwa kukaa mbele ya kioo cha kompyuta.

Ramani iko tayari. Nimeikunja ndani ya bomba la karatasi, ifungue polepole. Miraba ya njano ni pale ambapo pengine yupo, ya machungwa ni zaidi, na nyekundu ndiyo hasa. Unaona nyekundu ilivyokusanyika kwenye makorongo yale mawili nyuma ya mlima Hnjúkur? Helikopta ilipita juu yake lakini korongo ni jembamba, kutoka hewani huoni chini. Nimeendesha hesabu mara elfu, na mara mia sita na zaidi inamweka pale.

Siku zote alifuata bonde. Safari hii naona alipanda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Sijui kwa nini, pengine aliona alama za kondoo. Ndiyo maana hawakumpata.

Niliionyesha darasani. Gunnel akasema, "Arndís, hii ni kazi ya mtu mzima." Nilitoka nikaenda kulia chooni, mama, kwa furaha na kwa aibu ya kufurahi.

Nimewaandikia watu wa uokoaji. Wamekubali, mwishoni mwa Mei, lakini wanatoa siku mbili tu. Zinatosha.

Mwanao,
Arndís


Stafn, 6 Machi 1994

Mwanangu,

Salamu katika Kristo. Mimi mzima, namshukuru Mungu, na kondoo wazima.

Ramani nimeibandika jikoni, pale palipokuwa na kalenda. Nzuri sana, kama kitambaa cha kushonwa. Kila asubuhi nasoma zaburi halafu naitazama.

Eyvindur aliisogelea akavua kofia akajikuna. "Sesselja," akasema, "hii imemweka mumeo nyuma ya nyumba, kwenye genge. Ásmundur alikuwa mbuzi?"

Nikamwambia, "Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La kutosha kujua kondoo hawapandi kule."

Alitaka kwenda na pikipiki ya theluji akaangalie juu ya bonde, kule kibandani. Nikamwambia helikopta ilikwisha kukiona kibanda, na mashine imehesabu mara elfu. Wewe umehesabu mara ngapi? Alikasirika, hakumaliza kahawa. Mimi pia nilishangaa kidogo na lile genge, mwanangu, kusema kweli. Lakini nilijiambia: alipotelea ukunguni, akazunguka, mashine imeona tusichokiona sisi. Nani mimi wa kubishana nayo?

Watu wa shamba wapya wamekuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Watu wema. Nahama tarehe kumi Juni.

Mama yako


Stafn, 6 Juni 1994

Arndís wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Baba yako amepatikana. Jumamosi tumemzika kando ya mama yake. Nisamehe, nisamehe kabisa kwamba sikukupigia simu. Ulikuwa na mitihani, na hapa ni kufunga masanduku, na nilisema moyoni utasafiri mbio kwa nini wakati kila kitu kimekwisha. Najua utakasirika. Kasirika, una haki.

Watu wa uokoaji walikuja kumi na wanane. Siku mbili walishuka kwa kamba katika makorongo yako, hata Jumapili, Mungu atusamehe. Walipata fuvu la kondoo jike. Jioni kiongozi wao, mwanamke mmoja wa mjini anaitwa Svala, alikaa hapa mezani akiwa amelowa mpaka mifupani, nikampa supu. Akaitazama ramani ukutani, akaniuliza, "Mama Sesselja, mumeo aliposema kaskazini, hebu nionyeshe kwa mkono."

Nikanyoosha mkono dirishani, juu ya bonde, njia ya kwenda Akureyri. Kila mtu anajua kaskazini ni wapi.

 Akatoa dira mfukoni, akaiweka karibu na bakuli la supu. Sindano ikatulia ikielekea kwenye jiko. Mkono wangu ulikuwa unaonyesha magharibi, mwanangu. Eyvindur akasema, "Ndiyo, kaskazini, si huko anakoonyesha?" naye akanyoosha mkono palepale. Tukabaki watu wawili wazima tumenyoosha mikono kama watoto wa shule.

Maisha yangu yote nimesema hivyo. Mama yangu alisema hivyo. Barabara inakwenda nchi za kaskazini, basi ukiishika unakwenda kaskazini, hata kama hapa kwetu inaelekea magharibi. Hakuna aliyewahi kupotea kwa neno hilo kwa sababu hatukuwahi kumwambia mtu wa nje.

Jumanne Eyvindur alikwenda na trekta, akavuka mto. Alimkuta kibandani, kile chetu. Kibanda alichokiona rubani ni kingine, cha watu wa bonde la pili.

Baba yako alikuwa amelala kitandani, blanketi limemfunika vizuri. Alivunjika paja, akajikokota mpaka ndani, akafa siku ileile. Hakuteseka. Hilo ndilo nataka ulishike. Hata ramani ingekuwa sahihi, hata nani angefika, alikuwa ameshakwenda. Kwa hiyo usijilaumu hata chembe.

Nahama Ijumaa. Andika kwa anwani ya mama yako mkubwa, Akureyri.

Mungu akutie nguvu.
Mama yako


Lund, 16 Juni 1994

Mama,

Shikamoo. Natumaini safari ilikuwa salama na mama mkubwa hajaanza kukupangia lini ulale na lini uamke.

Nilikasirika siku tatu. Baba yangu anazikwa na mimi nasoma barua. Sasa nimetulia, sitaki tugombane, tumebaki wawili.

Nataka kukuambia ukweli kuhusu kosa langu. Mgeni angekuuliza, "Kaskazini gani?" Gunnel angekuuliza. Mimi sikuuliza, kwa sababu mimi ni wa kwetu, naelewa lugha ya mama yangu. Nilipokuwa mdogo nilisema vilevile, nakwenda kaskazini kwa mama mkubwa, na mkono wangu ulikuwa unaonyesha magharibi. Halafu miaka minane nimekaa na watu ambao kaskazini yao ni ya sindano. Niliposoma barua yako, masikio yalikuwa ya nyumbani na mikono ilikuwa ya hapa. Niliandika sifuri, yaani kaskazini kamili, nikaendelea. Kitu cha sekunde moja.

Jana nilifungua tena ile mistari ya helikopta. Mama, nayo ilikwenda hukohuko. Siku zote mbili ilizunguka nyuma ya Hnjúkur. Haikugusa kabisa juu ya bonde letu. Nilikaa sakafuni. Nikahesabu: kutoka pale ilipokuwa Ijumaa mchana mpaka kibandani ni dakika nne za kuruka.

Nisingekuandikia hili kama si barua yako. Ningelimeza mpaka kaburini. Lakini alikuwa amekwisha kufa Jumanne, siku tatu kabla, kwa hiyo zile dakika nne si kitu, mama, si kitu. Nimemshukuru Mungu, mimi ambaye unajua sisali. Kama angekuwa hai ile tarehe mosi, sijui ningewezaje kukaa tena mbele ya kompyuta hii, wala sijui ningekutazamaje usoni nisikufikirie vibaya, na wewe unitazame mimi.

Gunnel anasema nisiitupe kazi, niandike kosa lilivyokuwa. Nahitaji vitu viwili kutoka kwako: uthibitisho wa mahali hasa kibanda kilipo, hilo Eyvindur anaweza kunionyesha kwenye ramani, na tarehe ya kufa kama ilivyoandikwa kwenye kitabu cha kanisa. Nitaweka 28 Septemba, lakini thibitisha.

Nakuja mwezi wa tisa, nione kaburi.

Mwanao,
Arndís


Lund, 19 Julai 1994

Mama, shikamoo.

Mwezi mzima kimya. Mama mkubwa kwenye simu anasema uko bustanini, uko kanisani, umelala. Unaumwa? Nimesema neno baya? Niandikie hata mstari mmoja.

Arndís


Akureyri, 21 Agosti 1994

Mwanangu Arndís,

Neema na amani kwako. Siumwi. Dada yangu hakukudanganya, nilikuwa bustanini kweli, nang'oa magugu ambayo hayapo.

Nimeandika barua hii mara saba. Ya kwanza ilisema ndiyo, 28 Septemba. Niliitia kwenye bahasha, nikabandika stempu, nikafika mpaka kwenye sanduku la posta. Mwanamke nyuma yangu akasema, "Mama, unaingiza au unaitoa?" Nikaondoka nayo.

Wakati wa mazishi nilimwomba Mchungaji Tryggvi aandike kitabuni siku ile ya kwanza. Nilimwambia, "Mchungaji, ni namba tu. Nina mtoto mmoja."

Akaniambia, "Sesselja, ningeweza kukudanganyia wewe. Kitabu hiki si cha kwako wala cha kwangu." Alikuwa analia alipokuwa anasema. Nikajua nimeomba kitu ambacho sipaswi kumwomba mtu aliyebatiza mwanangu.

Na sasa jiwe limekuja. Fundi alitaka tarehe. Nilisimama karakanani kwake nusu saa, akafikiri sisikii, akaniuliza tena kwa sauti kubwa. Nimempa ya kweli. Nimeshindwa kuweka uongo juu ya kichwa chake, karibu na msalaba. Nawe unakuja mwezi ujao utalisoma, na afadhali ulisikie kwangu.

Watu wakilala kibandani huandika ukutani jina na siku, unajua desturi. Baba yako aliandika. Akaandika tena kesho yake, na kesho yake, kwa penseli yake ile ya kondoo. Kesho yake Eyvindur alinipeleka kwa trekta, mlangoni akanizuia, akasema, "Usiingie, Sesselja, nitaranda mbao zile." Nikaingia. Nimesoma yote. Alikula theluji ya mlangoni. Aliandika mbwa amekwenda kuita watu. Aliandika Zaburi ya ishirini na tatu mpaka pale alipoisahau. Ijumaa ile aliandika: "Nasikia ndege. Iko ng'ambo ya mlima. Wanajua nipo, watazunguka." Jumamosi aliandika: "Bado wapo."

Mimi ndiye niliyemwambia yule kijana kaskazini. Wewe ulikosea ramani ya mtu aliyekufa, miezi mitatu baadaye. Mimi nilikosea ya mtu aliye hai. Usiyachanganye haya mawili kwenye kazi yako, andika kila moja mahali pake, na langu liandike kwa jina langu.

Ulisema hujui ungenitazamaje usoni. Hata mimi sijui. Lakini njoo. Dada yangu amekutandikia kitanda, na yule kondoo wako mweusi alirudi mwenyewe mwezi wa kumi, nilisahau kukwambia, yuko kwa Eyvindur.

Usiniandikie kwamba si kosa langu. Mchungaji amesema, Eyvindur amesema, Svala amepiga simu mara mbili kusema. Wewe nakuomba usiseme.

Umeuliza tarehe. Kwenye kitabu na kwenye jiwe imeandikwa 8 Oktoba 1993. Hesabu unaijua kuliko mimi.

Mama yako